Kilo Moja ya Kitoweo, Michuzi Mitano: Upi Uupike Leo?

Ukiagiza mchuzi wa Kihindi Delhi, Kochi ya Kerala, Birmingham na Tokyo utaletewa vitu vinne visivyofanana rangi, uzito wala harufu. Ukiagiza Unguja utaletewa cha tano. Wengi hudhani tofauti ni wingi wa bizari au ukali wa pilipili, na ndiyo maana mtu hurudi kutoka Darajani na vifuko kumi na viwili, akapika, na mchuzi ukatoka uleule wa jana. Bizari kwa sehemu kubwa ni zilezile kila pahala: uzile, giligilani, bizari ya manjano, hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili. Kinachoitenga michuzi hii ni mambo mawili. La kwanza, kitu gani kinaushika mchuzi usiwe maji matupu. La pili, bizari inakutana na mafuta saa ngapi.

Kwa hiyo kila mchuzi hapa chini umepimwa kwa vigezo vilevile: unachotegemea kwa uzito, bizari zake na wakati wa kuzitia, muda wa jikoni, unaliwa na nini, unaharibikia wapi, na unamfaa nani. Vipimo vyote ni vya kilo moja ya kitoweo, kiasi cha watu watano au sita. Kijiko cha chai na kijiko cha supu ni vya kawaida, visijae kupita ukingo.

Jambo moja la sokoni kabla ya kuwasha moto: uzile, giligilani na hiliki zinunue nzima, uzikaange kavu dakika mbili kwa moto mdogo na kuzisaga mwenyewe. Bizari ya unga iliyokaa wazi kwenye beseni siku nyingi hubaki na rangi tu, na mpishi huongeza kijiko juu ya kijiko mpaka mchuzi unakuwa mchungu bila kunukia.

MCHUZI WA PUNJAB NA DELHI

Huu ndio ambao mikahawa mingi duniani huuita wa Kihindi. Sababu ni ya kihistoria: India ilipogawanywa mwaka 1947, Wapunjabi wengi walihamia Delhi na baadhi yao wakafungua mikahawa, wakaja na tanduri na michuzi mizito ya tungule na siagi. Waliotoka hapo kwenda nje walibeba orodha hiyohiyo ya vyakula.

Uzito unatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikalegea kabisa, tungule zilizokauka maji, na mtindi. Hakuna nazi, hakuna unga. Kwa kilo ya kuku chukua vitunguu maji gramu 400 vilivyokatwa vidogo, tungule gramu 350, mtindi gramu 150, thomu na tangawizi zilizosagwa kijiko cha supu kwa kila kimoja, na samli au mafuta vijiko vitano vya supu. Mafuta usiyapunguze sana, maana ndiyo yanayobeba harufu. Sehemu kubwa ya harufu ya bizari huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji.

Bizari huingia mara tatu. Nzima mwanzo kabisa kwenye samli ya moto: uzile kijiko cha chai, hiliki tano, karafuu nne, kijiti cha mdalasini, na jani la kunukia. Wahindi hutumia jani la mti wa jamii moja na mdalasini wetu. Jani la mdalasini wa shambani hapa linaweza kushika nafasi yake, ila linaelekea zaidi harufu ya karafuu, hivyo tia moja tu na punguza karafuu ziwe mbili. Vitunguu vikishaiva ndipo inaingia bizari ya unga: giligilani vijiko viwili vya chai, manjano nusu kijiko, pilipili nyekundu kiasi chako. Mara ya tatu ni mwisho, dakika mbili kabla ya kuepua: garam masala (mchanganyiko wa bizari za kunukia zilizosagwa) kijiko cha chai, na ukipata majani makavu ya uwatu, yasugue viganjani na uyanyunyize.

Muda ni saa moja na robo kwa kuku wa kisasa, na saa mbili au zaidi kwa kuku wa kienyeji au mbuzi. Vitunguu peke yake vinataka dakika 20 hadi 25. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kitunguu kilichowekwa rangi haraka kwa moto mkali kinaungua kingo na kubaki kibichi ndani, na ule ubichi hautoki tena hata ukichemsha mpaka magharibi. Tia chumvi kidogo mwanzoni kitoe maji, tumia moto wa kati, na kikianza kushika chini mwagia kijiko cha maji uendelee. Utajua rojo imeiva mafuta yakijitenga pembeni mwa sufuria. Kabla ya hapo usitie kuku.

Kosa la pili ni mtindi kukatika. Mtindi wa baridi ukiumwaga kwenye sufuria inayochemka unaganda vidonge. Utoe kwenye friji mapema, upige kwa kijiko kimoja cha chai cha unga wa dengu, punguza moto, na utie kijiko kimoja kimoja huku unakoroga.

Unaliwa na chapati, mkate wa ajemi au wali mkavu. Unamfaa mwenye muda na asiyependa nazi, na anayepika leo kwa ajili ya kesho pia, kwani ukilala kwenye friji unazidi utamu. Unamwelemea mwenye jiko moja la mkaa na watoto wanaolia njaa.

MCHUZI WA KERALA

Ufuo wa Malabar, kusini-magharibi mwa India iliko Kerala, na ufuo wetu wanajuana kwa pepo za msimu. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na pande zote mbili kuna mnazi, samaki na mpunga. Basi mpishi wa Pemba akiingia jiko la Kerala atakuta vitu vingi vya kwao, lakini vimepangwa kwa utaratibu mwingine.

Uzito ni wa tui, likisaidiwa na vitunguu vichache. Chukua nguru kilo moja, vipande vya unene wa vidole viwili. Nazi mbili: tui zito la kwanza kiasi cha mililita 300, na tui jepesi mililita 500. Vitunguu vidogo vyekundu kumi au kitunguu maji kimoja na nusu, tangawizi ya kidole kizima iliyokatwa nyuzi, pilipili mbichi nne zilizopasuliwa, mafuta ya nazi vijiko vitatu vya supu.

Bizari huanza na mlipuko. Mafuta yakipata moto tia haradali nusu kijiko cha chai, ufunike kidogo maana zinaruka. Zikitulia tia uwatu robo kijiko na majani ya mchuzi (yale Waingereza wanayoyaita curry leaves) vijiti viwili. Uwatu ukipita rangi ya dhahabu na kuwa kahawia, mwaga uanze upya, kwani uchungu wake hauna dawa. Kisha vitunguu na tangawizi dakika sita au saba tu, vilegee bila kubadilika rangi, ndipo manjano nusu kijiko na giligilani kijiko kimoja. Tui jepesi linafuata, kisha kitu cha uchachu.

Kwenye uchachu Kerala ina tunda lake kavu lililofukizwa moshi, ambalo hapa ni shida kupatikana. Lakini Wakerala wenyewe hutumia pia embe mbichi, na hutumia birimbi. Mbirimbi ulioko uani kwako, ambao matunda yake unayafanyia achari tu, unatosha: matunda sita yaliyopasuliwa katikati. Samaki aingie mchuzi ukiwa unachemka polepole, dakika nane hadi kumi, usikoroge kwa mwiko bali uzungushe sufuria. Chungu cha udongo ni bora, hakiguswi na ukali wa ndimu wala birimbi na hushika moto baada ya kuepuliwa. Tui zito ni la mwisho, na likishaingia mchuzi usichemke tena. Ukianza tu kutokota, epua.

Unaharibika hapohapo. Tui zito likichemka kwa nguvu mafuta na maji yanaachana na mchuzi unakuwa na chembechembe. Kosa jingine ni kuufunika ukiwa bado moto mkali jikoni, mvuke unaongeza joto bila wewe kujua.

Muda ni dakika 35, ukiacha kukuna nazi. Unaliwa na wali mweupe, na ukitaka karibu na kwao, na mkate wa mchele. Unamfaa mwenye samaki wa leo na mtu anayetaka harufu mpya bila kutoka kwenye ladha anayoijua. Haufai kuwekwa: wa nazi huchacha haraka kwenye joto letu, na friji huchelewesha tu.

MCHUZI WA UINGEREZA

Mkahawa wa kwanza wa Kihindi London ulifunguliwa mwaka 1810 na Sake Dean Mahomed, lakini mchuzi wa mikahawa ya Uingereza ya leo ni kazi ya wapishi ambao wengi wao asili yao ni Sylhet, Bangladesh. Mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Robin Cook, alikitaja kuku wa tikka masala, yaani vipande vya kuku wa kuchoma ndani ya mchuzi laini, kuwa chakula cha taifa chao. Wahindi wengi hucheka, lakini ukiutazama kwa haki huu ni ufundi kamili wenye mantiki yake: mkahawa una wateja arobaini, orodha ya michuzi kumi na mitano, na kila sahani itoke ndani ya dakika kumi.

Siri ni rojo ya msingi. Vitunguu kilo moja, karoti moja, pilipili boga moja, tungule mbili, vichwa viwili vidogo vya thomu, tangawizi ya vidole viwili, mafuta mililita 150, bizari ya mchuzi (unga wa bizari zilizochanganywa) vijiko viwili vya chai, chumvi, na maji lita moja. Chemsha dakika 50 mpaka kila kitu kipondeke kwa kijiko, saga kwenye brenda ulaini kabisa, uchemshe tena dakika kumi. Tofauti na Punjab, kitunguu hiki hakikaangwi, kinachemshwa. Ndiyo sababu mchuzi una utamu laini na hauna ule uzito wa kukaangwa.

Kuku huchemshwa mbali, vipande vidogo bila mfupa, na manjano na chumvi dakika 15. Wakati wa kula unachukua kikaango kipana, mafuta vijiko vitatu vya supu, thomu na tangawizi sekunde 30, bizari ya mchuzi vijiko viwili vya chai na tungule ya kopo vijiko viwili vya supu. Unga wa bizari usizidi nusu dakika peke yake kwenye mafuta, utaungua. Kisha tia rojo pawa moja kwa moto mkali, uiache ishike pembeni, uikwangue irudi ndani, pawa la pili, kuku, pawa la tatu. Moto mkali na kukwangua ndivyo vinavyoleta ladha ya mkahawani. Pika nusu kilo kwa mkupuo. Ukijaza kilo nzima kikaango kinapoa na mchuzi unachemka badala ya kukaangika, ukaishia na supu ya vitunguu.

Baada ya hapo jina linabadilishwa kwa nyongeza. Korma ni nazi, krimu na sukari kidogo. Madras ni pilipili zaidi na uchachu. Vindaloo ni kali kuliko zote, ingawa kwao Goa, pwani ya magharibi ya India, ilikotokana na chakula cha Wareno cha siki na thomu, kazi kubwa ni ya siki, si ukali. Wagoa Wakristo huipika kwa nguruwe. Kwa nyama ya ng'ombe au mbuzi inapikika vizuri vilevile.

Muda ni saa moja na nusu siku ya kutengeneza rojo, kisha dakika kumi kila sahani. Rojo inakaa friji siku tatu, na kwenye friza hata miezi miwili ikigawanywa vifuko. Unaliwa na mkate wa ajemi au pilau nyeupe. Unamfaa mwenye mgahawa, mwenye wageni wenye matakwa tofauti (mmoja hataki pilipili, mwingine bila pilipili hali), na mfanyakazi anayerudi usiku. Kwa mpishi wa sufuria moja kwa wiki ni kazi ya bure.

MCHUZI WA JAPANI

Huu haukutoka India moja kwa moja. Uliingia Japani katika zama za Meiji, baada ya 1868, kupitia Waingereza na bizari yao ya kopo, na jeshi la wanamaji likaukubali kwa sababu unapikwa mwingi, unashibisha, na haumwagiki ovyo melini. Mwaka 1927 duka la Nakamuraya la Tokyo lilianza kuuza mchuzi wa mtindo wa India kwa maelekezo ya Rash Behari Bose, mpigania uhuru wa India aliyekuwa amekimbilia huko, lakini ule wa unga ndio ulioenea majumbani.

Uzito ni wa unga wa ngano. Yeyusha siagi gramu 60, tia unga wa ngano gramu 60, koroga kwa moto mdogo dakika 12 mpaka iwe rangi ya karanga iliyokaangwa, ndipo bizari ya mchuzi vijiko viwili vya supu, dakika moja, epua. Pembeni kaanga vitunguu viwili vikubwa na kuku, tia supu au maji lita moja, karoti mbili, mbatata tatu, chemsha dakika 20. Zima moto. Chota mchuzi pawa mbili, uyeyushie ule unga pembeni, urudishe taratibu, kisha moto mdogo dakika kumi. Wengi huongeza tufaha lililokunwa na kijiko cha asali. Mchanganyiko huo wa tufaha na asali unauzwa tangu 1963 kwenye vibao vya mchuzi wa tayari vya kampuni ya House, viitwavyo Vermont.

Ukitia unga kwenye mchuzi unaochemka, madonge. Ukiuacha bila kukoroga, unashika chini na sufuria nzima inanuka moshi. Wa jana huwa mzito kama uji, kwa hiyo uupashe na maji kidogo.

Ukinunua vibao vya tayari soma pakiti: vingi vina mafuta ya wanyama, na vingine vina ya nguruwe. Usipoelewa maandishi, viache, unga wa nyumbani ni rahisi na salama.

Unaliwa kwa kijiko juu ya wali unaoshikana, hivyo mchele laini wa Mbeya unauzidi basmati hapa. Unamfaa mtoto, mzee asiyeweza pilipili, na anayeanza kujifunza kupika. Anayetafuta harufu ya bizari atauona umelala.

MCHUZI WETU WA NAZI

Wahindi wengi waliohamia Zanzibar walitoka Gujarat na Kutch, siyo Punjab, na mchuzi wa hapa umekaa kati ya bizari zao, nazi yetu na ukwaju. Kila nyumba ina bizari yake ya mchuzi, na kila nyumba inaamini ya jirani imezidi manjano.

Uzito ni wa tui, lakini mwepesi kuliko Kerala, maana unakusudiwa kulowanisha wali. Nguru au changu kilo moja anatiwa ndimu, chumvi na thomu, kisha anakaangwa au kuchomwa nusu. Kitunguu kimoja, tungule tatu, pilipili mbichi nzima, bizari ya mchuzi vijiko viwili vya chai, ukwaju gramu 30 uliorowekwa kwenye nusu kikombe cha maji, na tui la nazi mbili. Bizari hapa huingia na tungule, haikai kwenye mafuta muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu mchuzi una harufu ya wazi ya samaki na nazi, na ndiyo sababu pia wengine hutoka na mchuzi unaonuka bizari mbichi. Ipe dakika kumi na tungule kabla ya tui.

Tui likiingia, koroga bila kuacha mpaka lianze kuchemka, lisikatike. Ndimu, kama unaitumia badala ya ukwaju, ni ya baada ya kuepua. Uchachu mkali na joto kali kwa pamoja hulikata tui mara moja. Kwa kuku, njia bora ni ya kupaka: achomwe kwenye mkaa mpaka aive robo tatu, amaliziwe ndani ya tui zito.

Dakika 40. Unaliwa na wali, boflo, au mkate wa kumimina ukiwa wa kuku. Unamfaa anayepika kila siku na mwenye samaki wa bei nafuu. Kwa mgeni aliyezoea michuzi mizito ya mikahawa unaweza kuonekana maji, basi mwambie aumimine juu ya wali kwanza.

Zipo jamaa nyingine. Durban, ambako vibarua wa Kihindi walianza kufikishwa mwaka 1860, mchuzi mkali hutiwa ndani ya mkate uliotobolewa, na boflo letu lingeifanya kazi hiyo vizuri. Trinidad bizari hukorogwa na maji kwanza ndipo ikaangwe, hila nzuri ya kuizuia kuungua, na inafaa kuibwa kwa mchuzi wowote hapo juu.

KWA HALI YAKO

Samaki wa leo na nazi mbili: wetu au Kerala. Ukitaka ulaji uliozoeleka kwa watu wazima wa nyumbani, wetu. Ukiwa na majani ya mchuzi na birimbi uani, Kerala.

Kuku wa kienyeji mgumu au mbuzi, na asubuhi nzima huna pa kwenda: Punjab. Kuku wa kisasa hataki mchuzi huo upikwe muda wote, atameguka. Ivisha rojo yote kwanza, yeye apate dakika 25 za mwisho.

Futari yenye wageni wa kila aina: rojo ya Uingereza itengenezwe jana yake, na jioni utoe korma ya watoto na madras ya wajomba kutoka sufuria moja. Mezani pakiwa na nazi nyingi tayari, kwenye maharage, muhogo na ndizi, Punjab ni nafuu kwa tumbo kuliko mchuzi mwingine wa tui.

Watoto wengi, kuku mdogo: Japani, kwa kuwa mbatata na karoti zinabeba nusu ya sahani.

Umeme unakatika na friji huiamini: usipike nazi zaidi ya mlo mmoja. Ukilazimika kubakisha, toa mchuzi wa tungule pembeni kabla ya kutia tui, na kesho ukune nazi mpya.